Siku Mtani Alipokuja na Jembe

Siku yangu ya kwanza kazini nilijipaka mafuta ya mbarika mpaka kwenye ncha za vidole, nikavaa kaniki mpya, nikateremka kwenye banda la ulanga nikijiona mimi ndiye mimi. Karani akanitazama mikono, akashusha pumzi. "Mama, hapa hatukaangi maandazi. Nenda mtoni ukajisugue kwa mchanga, kisha urudi." Wanawake wote waliokuwa mikekani wakaangua kicheko. Sikujua kwamba ulanga ukiguswa na kidole chenye mafuta hushika alama, vumbi likanata pale pale, na jani zuri likaharibika. Nilisugua mikono mpaka ikawaka moto. Nikarudi, nikakaa chini, nikapewa kisu. Ndivyo nilivyoanza kazi iliyonila ujana wangu wote, na sijutii.

Ninyi wajukuu mnaokota vipande vya ulanga njiani, mnavichezea na kuvitupa. Sisi tuliviheshimu. Ulanga ni jiwe, lakini ukiligusa kwa kisu chembamba linafunguka jani baada ya jani, na jani hilo ukilitazamia jua unaona ng'ambo. Wakati huo Mdachi ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi, na mabwana walitueleza kwamba huko kwao jani la ulanga huwekwa kwenye milango ya majiko ya chuma, ili mtu auone moto bila kuungua, maana kioo hupasuka kwa joto na ulanga haupasuki. Nililicheka sana jambo hilo. Sisi milimani moto tuliuona bure.

Wanaume walichimba kule juu, wakateremsha mawe kwa matenga. Donge zima tuliliita kitabu. Mwanamke wa kwanza alikipasua kitabu kuwa majani, wa pili alikata kingo zilizochakaa, wa tatu alichambua, yaani alitenga makubwa na madogo, meupe na yenye madoa. Mbele ya kila mkataji kulikuwa na ubao uliochorwa mistari ya vipimo, na sheria ya kwanza ya ukataji Karani alituimbia kila asubuhi: ukubwa kwanza, usafi baadaye. Jani kubwa lenye doa pembeni lina kazi yake. Ukilikata kwa kulifuata doa utabaki na kipande kisafi cha ukubwa wa sikio la mbuzi, hakina faida kwa mtu. Mwanafunzi yeyote wa kazi ile alikosea hapo, kwa sababu jicho la binadamu linachukia doa.

Mkubwa wetu wa juu alikuwa Bwana Mkubwa wa Ulanga, Mdachi mrefu aliyekuwa na miwani ya kusomea na miwani ya kugombeza. Hiyo ya pili akiivaa, wote tuliinamisha vichwa. Chini yake ndiye huyo Karani, mtu wa pwani, mkavu kama ukuni, ambaye kanzu yake haikushika udongo hata masika. Adhuhuri ikifika alikwenda nyuma ya banda kuswali, akirudi anaendelea na sentensi ileile aliyoikatiza. Kwa muda mrefu nilimwona hana moyo. Nilikosea, na nitawaambia nilivyojua.

Nyumbani kwetu palikuwa juu ya kijiji cha Kinole, mwendo mfupi kutoka bandani, kwenye shamba la mama yangu. Ninyi mnajua Waluguru tunavyohesabiana: mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa upande wa mama, na ardhi inakwenda kwa mabinti. Mama alituzaa wawili tu, mimi na kaka yangu. Mimi niliolewa na Hamisi, mpagazi, nikaingia Uislamu naye, na kwa kweli niliupenda. Nilipenda kuamka nikajua kuna mtu wa kumwambia shida zangu kabla jogoo hajawika. Tukazaa watoto wawili, wakafa wachanga. Wa tatu, Salima, akabaki. Kisha Hamisi akaenda kufanya kazi ya reli ilipokuwa inasogea bara, na wenzake waliporudi walikuja na blanketi lake bila yeye. Homa ilimchukua huko. Tangu siku hiyo sikuswali tena. Sikumkasirikia Mungu kwa maneno. Nilinyamaza tu, kama mke aliyenuna.

Kaka yangu alikwenda upande mwingine. Alikuwa seremala misheni, akabatizwa, akaitwa Antoni. Mama hakuwa na neno juu ya ubatizo. "Jina ni nguo," alisema, "avae anayotaka." Matata yalikuja siku ya tambiko. Mvua ilikuwa imekawia, ukoo mzima ukaenda mwituni kwenye makaburi ya wazee, na mwanamume wa kusema na wazee hao alikuwa yeye, mtoto wa kiume wa pekee wa mama. Antoni akasimama mbele ya watu akasema hiyo ni kazi ya shetani. Shetani! Mbele ya kaburi la bibi aliyemlea! Mama akamwambia, "Basi nenda kwa mama mwingine." Kaka akaondoka. Ilipita miaka mitatu. Misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde tu, kengele yake tuliisikia tukiwa tunapura maharage, na mama kila ilipolia alianza kuimba kwa sauti ili asiisikie. Kaka naye alikuwa na kichwa kigumu vilevile. Nilikwenda kumwona kwa siri, nikimpelekea ndizi, na kila mmoja wao aliniuliza habari za mwenzake huku akijifanya hajali.

Sasa Salima. Alikuwa ametimiza miaka mitano, mwembamba, msemaji, mwenye maswali ya kumchosha mfu. Tena ndiye binti pekee wa nyumba yetu. Mimi nisingezaa tena, mama ameshazeeka, kaka angezaa watoto wa lukolo la mke wake. Salima akiondoka, mlango wetu umefungwa milele. Jambo hilo hatukulisema, lakini lilikaa nasi kila tulipokula.

Akashikwa na kifua. Siku ya kwanza kikohozi, ya pili moto, ya nne hakuuliza swali lolote, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa akaniandikia kombe, maneno ya Kurani kwenye sahani kwa zafarani, nikayaosha kwa maji nikamnywesha mtoto. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Hamisi, si kwa sababu niliamini. Mama akachemsha mizizi. Kisha akasema alichokuwa anakizunguka siku zote. "Wazee wanamtaka mjomba wake. Mjomba ndiye wa kumpulizia mtoto maji ya baraka. Mimi siwezi, wewe huwezi."

"Basi nimwite."

"Usimwite. Atakuja kututukana tena mbele ya mtoto mgonjwa. Aje mwenyewe kama ana moyo."

"Mama, atajuaje kama hajaitwa?"

"Huyo Mungu wake si anajua kila kitu? Amwambie."

Asubuhi ya siku ya tano nilikwenda kazini. Msinihukumu. Wakati ule kila mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi inayotiwa alama kwa kila siku ya kazi, na mtu asiye na alama hakukosa shauri bomani. Lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kukaa nikimtazama mwanangu anavyohema kulinishinda. Nilikimbilia mahali ambapo mikono yangu ilijua la kufanya.

Nilikata. Nilikata haraka kuliko wote. Jua lilipopanda Karani akapita, akasimama nyuma yangu, akachukua tenga langu akalimwaga juu ya mkeka. Majani yote makubwa ya asubuhi ile, mazuri, ya kupelekwa Morogoro kupakiwa kwenye gari la moshi, nilikuwa nimeyakatakata. Kila penye doa nilikata, kila penye mstari nilikata, mpaka likabaki rundo la vipande visafi visivyo na kazi. Mimi, niliyekuwa nafundisha wageni! Bwana Mkubwa alikuwa ameshavaa ile miwani ya pili, anakuja kutoka upande wa masanduku.

Karani akachuchumaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Mama Salima, mikono yako iko hapa. Mwenyewe uko wapi?"

Nikamwambia. Machozi yakanitoka mbele ya watu na sikujali.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Na Bwana Mkubwa?"

"Bwana Mkubwa ni shauri langu. Pitia nyuma ya banda. Ukifika, umwambie mtoto anaombewa na mtu wa pwani asiyemjua." Halafu akasimama, akakung'uta kanzu ambayo haikuwa na vumbi.

Baadaye wenzangu walinisimulia. Alimwambia Bwana Mkubwa kwamba mistari ya vipimo kwenye ubao wangu aliichora vibaya yeye mwenyewe. Alitukanwa Kidachi na Kiswahili kwa pamoja, akawekwa juma zima kuhesabu misumari ya masanduku kama mgeni wa kazi. Nilipokwenda kumshukuru akaniuliza nashukuru kwa lipi, maana ubao ulikuwa mbovu kweli. Mpaka anahamishiwa pwani hakulikubali jambo lile.

Nilipofika nyumbani nilisikia kelele kabla sijaona mtu. Mlangoni kwetu, katikati kabisa, alikuwa ameketi Mzee Mkude, jembe limelazwa mapajani, analinoa kwa jiwe. Huyu alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu mababu: wanatukana bila kukasirikiana, wananyang'anyana kuku, na zaidi ya yote wanazikana. Kwetu mtu akifa anayechimba kaburi ni mtani. Kumwona mtani na jembe mlangoni pako na mgonjwa yumo ndani ni jambo la kumfanya mtu azimie.

"Mbona mnachelewesha kazi?" akaniuliza. "Mkononi nina jembe, tumboni nina njaa. Maiti yuko wapi nimpime?"

"Hakuna maiti!" mama akapiga kelele kutoka ndani. "Toka, fisi wewe! Mtoto anapumua!"

"Anapumua? Nani kakwambia? Wewe macho yako yalishakufa zamani, tukuzike wewe kwanza."

Mwiko ukaruka, ukampiga begani. Akauokota, akaulamba. "Ugali wenu hauna chumvi kama kawaida."

Nikapita juu ya miguu yake nikaingia. Salima alikuwa hai, moto bado, macho nusu. Nikashika mkono wake, kidogo nimrukie yule mzee nimng'oe ndevu. Mama akamrushia mwiko wa pili, ukapita juu ya kichwa chake.

"Mwambie aondoke," nikasema.

"Nimemwambia tangu asubuhi. Anasema mimi siyo wa kumwambia."

Na hapo alikuwa na haki yake. Kwa desturi yetu mtani akishafika na jembe, mwenye kumwambia achimbe au aende zake ni mjomba. Mama mzazi hana sauti, bibi hana sauti. Mpaka mjomba aje asimame mbele yake, mtani atakaa, atakula, atatukana, na hakuna wa kumgusa. Mkude aliyajua hayo kuliko mtu yeyote mlimani. Alikuwa ameishi mlimani pale miaka sitini, na hakuwahi kukosea msiba hata mara moja.

Nje jiwe lilikuwa linakwaruza jembe, kwaru, kwaru. Kisha mama akasema bila kunitazama, "Nenda kamwite mwanangu."

Miaka mitatu sikulisikia neno hilo mdomoni mwake.

Niliteremka bonde mbio. Nilipovuka mto pumzi iliniishia, nikashika jiwe, na nikajisikia nasema bismillahi. Sikukusudia. Lilitoka lenyewe, likafuatwa na mengine, yote niliyokuwa nimeyafungia tangu liletwe lile blanketi: usimchukue na huyu, umeshachukua wengi, nakuomba, niko peke yangu. Nilisema kwa sauti mtoni pale kama mwendawazimu. Nilipomaliza sikuwa na jibu lolote, ila sikuwa peke yangu tena. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Antoni nilimkuta anapiga randa mbao, miguu imefunikwa na maranda. Akaniona uso, akaweka randa chini. "Amekufa?"

"Yu hai. Mkude amekaa mlangoni na jembe."

"Kama yu hai, Mkude anangoja nini?"

"Anakungoja wewe. Mama kasema nikuite."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na ndani ya kicheko hicho nikaona analia. "Yule mzee," akasema, "yule mzee mshenzi." Akakimbilia kwa Sista mwenye dawa, akarudi na chupa ndogo, tukapanda mlima.

Mkude alipomwona akasimama kwa adabu zote, kama yuko mbele ya jumbe. "Mjomba, nimekuja kazini."

Kaka akasema maneno yanayotakiwa. "Mtani, nyumba hii haina maiti. Chukua jembe lako."

"Haina?"

"Haina."

"Ungesema mapema, nimepoteza siku nzima," akasema Mkude. Akatia jembe begani, akachukua na jogoo wetu njiani, haki yake, akaenda zake.

Ndani mama alikuwa ameshaandaa bakuli la maji. Alimnyoshea kaka kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu siku ya tambiko. "Mpulizie mpwa wako."

Kaka akashika bakuli. "Mama, siwezi."

Nilifikiri sasa yamekwisha. Nilimwona mama anavyoinua kidevu, nikajua neno linalokuja. Lakini kaka akapiga magoti kando ya kitanda, akachovya kiganja kwenye yale maji. "Kupulizia siwezi," akasema taratibu. "Kumwosha naweza."

Mama akafikiri. "Basi mwoshe."

Akamwosha uso, shingo, kifua, polepole, kama anavyolainisha mbao. Mama akawa ananong'ona kwa wazee wake, kaka midomo ikimcheza kwa maombi yake, na mimi nikasoma Fatiha, kwa kigugumizi, maana ilikuwa imeota kutu. Hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Tukampa dawa ya Sista, na mama akampa mizizi yake pia, hakukubali kuachwa.

Salima alikaa siku tatu nyingine hivyo hivyo. Siku ya nne alifungua macho akauliza jogoo wetu yuko wapi.

Nilirudi bandani. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Morogoro, kwenye bohari jirani na stesheni, chini ya Msimamizi wa Masanduku, Mdachi mnene aliyependa papai na aliyeniita "fundi" mbele ya watu. Huko nilifundisha wasichana wengi, na wote niliwatuma kwanza wakasugue mikono. Vita vilipokuja Wadachi wakaondoka, Mwingereza akaingia, ulanga ukabaki ulanga. Nilikata mpaka vidole vikashindwa kutenganisha jani na jani, nikaaga, nikarudi huku juu kwa Salima, ambaye sasa ni bibi wa watu na bado anauliza maswali.

Wajukuu mnapenda kunibana: bibi, kilichomponya ni kombe, ni chupa ya Sista, au ni maji ya wazee? Mnataka nichague ili mgombane. Sijui, na sikutaka kujua. Mama na kaka hawakukubaliana juu ya Mungu mpaka mwisho. Walibishana kila Jumapili kwa raha zao, na mimi swala zangu tano sikuziacha tena.

Mama alianguka kitandani mwaka ule ambao Wadachi walikuwa wanarudi nyuma kupitia milima yetu, nami nikapanda kutoka Morogoro kumuuguza. Antoni alikuja kila siku baada ya kazi, akamlisha uji. Alasiri moja tulikuwa watatu tu. Mama akamshika kaka mkono.

"Ile miaka mitatu," akasema, "ulipokuwa unapiga magoti huko kwa Padri, ulikuwa unanitaja?"

"Kila siku, mama."

"Kwa jina gani? La kizungu sina."

"Nilikuwa nasema mama tu. Anakujua."

Mama akatabasamu. "Na mimi nikienda mwituni nilianza na wewe. Kabla ya mvua, kabla ya mahindi."

Nikaona haya. Nikasema, "Mimi miaka yote hiyo nilikuwa siombi kabisa. Sikumtaja mtu."

"Tunajua," mama akasema, na kaka akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana wewe tulikuwa tunakutaja sote wawili."